Meza ya Sitara

Katika nyumba zetu, za bara na za pwani, iko desturi moja ambayo mgeni huiona kabla ya mwenyeji kuitambua, nayo ni kwamba hatupendi chombo cha thamani kikae wazi. Redio ilipoingia majumbani ilifumiwa kitambaa. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwaka 1973 na huku Bara mwaka 1994, ilijengewa kabati lenye milango na kitasa, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa baba. Kabla ya hayo bibi zetu walikuwa na cherehani za Singer za meza, ambazo kichwa chake hulazwa chini, ubao ukarudishwa juu yake, mgeni akanywa chai asijue kwamba anaegemea cherehani. Na kabla ya cherehani palikuwa na kasha la njumu la watu wa pwani, ambalo ndani yake huweza kuwamo saraka ya siri, mwenye kasha akaijua peke yake.

Basi mtu akitwambia leo kwamba kijana wa chuo amefungua biashara ya kuunda meza zinazoficha kompyuta, hatuoni kwamba amezua jambo geni. Amerithi. Kilicho kigeni ni hicho kifichwacho tu, na kwa hakika hicho nacho si cha zamani sana katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ijapokuwa marufuku hiyo ililegezwa baadaye, watu wengi wa umri wetu walifika utu uzima hawajaigusa. Leo imo katika nyumba ya mwalimu wa Kilosa na ya mwenye duka la Mikumi, nayo bado haijapata mahali pake. Huwekwa juu ya kitanda, au juu ya friji, au sakafuni kando ya mtungi, ikafunikwa kanga.

Kijana tunayetaka kuwaeleza habari zake, ndugu wasomaji, ni mtoto wa dada yetu. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Mama yake yuko Kilosa mjini, na huko ndiko alikozaliwa. Baba yake ni seremala mwenye karakana Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ile ipitayo katikati ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Yeye mwenyewe husoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja cha Morogoro. Likizo huzigawa mara mbili: siku za kwanza kwa mama, siku za mwisho katika karakana ya baba. Kwa hiyo mkono mmoja umezoea randa na mwingine umezoea vitufe, na biashara yake imetoka hapo mikono hiyo miwili ilipokutana.

Yeye huiita "meza ya sitara". Ukiiona sebuleni waiona meza ya kawaida ya ukutani, yenye milango miwili na nakshi kidogo kwa mbele. Ukifungua ubao wa juu, kioo cha kompyuta huinuka kikisimamishwa na bawaba. Ukivuta mtoto wa meza, vitufe vimo. Nyaya zote hupita katika mfereji uliochimbwa nyuma ya mguu mmoja, zikatokea karibu na soketi ya ukutani. Kazi ikiisha, ubao hurudi, mtoto wa meza huingia, na juu yake huweza kutandikwa kitambaa na kuwekwa sahani ya tende.

Jambo hili laonekana jepesi, walakini meza ya kwanza ilimshinda. Aliiunda vizuri, mbao zikaungana hata unywele haupiti kati yake, akaweka ndani kompyuta ya kakake kwa kuijaribu. Haikupita saa moja kompyuta ikajizima yenyewe. Akaiwasha, ikajizima tena. Baba yake akadhani umeme una kasoro. Kijana akacheka, akasema kwamba kasoro ni ya useremala mzuri kupita kiasi.

Alitueleza sababu yake, nasi twaieleza hapa kwa kuwa yafaa kila mwenye kompyuta nyumbani aijue. Kompyuta ya mezani huweza kula umeme wa wati 100 au zaidi inapofanya kazi, na umeme huo karibu wote mwisho wake hugeuka joto. Ni kama kuwasha taa mbili za balbu zile za zamani ndani ya sanduku, kisha ukafunga mfuniko. Watengenezaji wengi huandika kwamba chombo chao kisitumiwe mahali ambapo hewa imepita nyuzi 35 za joto. Kilosa ni bonde, na katika miezi ya joto chumba chenye paa la bati huweza kukaribia kiasi hicho kabla hata kompyuta haijawashwa. Sasa mtie mtu wa namna hiyo katika kabati lisilopitisha pumzi, utamlaumu kwa kuzimia?

Dawa yake aliipata kwa kutazama jiko la mkaa. Hewa baridi huingia chini, hewa ya moto hupanda na kutoka juu. Basi akatoboa safu ya matundu chini ya sakafu ya meza na safu nyingine, iliyo kubwa zaidi, nyuma kwa juu. Ya juu akayaficha kwa nakshi ya kukata, mfano wa ile tuionayo juu ya milango na madirisha ya pwani, ambayo nayo haikuwekwa kwa uzuri peke yake, bali ipitishe hewa na izuie macho. Kwenye matundu ya chini akabandika kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, kinachotolewa na kufuliwa kila mwezi. Meza ya pili ilikaa siku nzima ikifanya kazi, na kompyuta haikuzima.

Sharti la pili lilitoka kwa mama yake. Watu wa Kilosa hawajasahau mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, maji yakaingia majumbani na maelfu ya watu wakahama kwenda kukaa katika mahema. Dada yetu alimwambia mwanawe, "Ukiweka hicho chombo chako chini karibu na sakafu, wewe hukuzaliwa Kilosa." Tangu siku hiyo kila meza yake hubeba kompyuta juu ya magoti ya mtu mzima, na miguu yake ni ya mbao ngumu isiyonywa maji upesi. Mafuriko makubwa hayazuiliki kwa meza, lakini maji ya usiku mmoja yaingiayo mlangoni bila kubisha yatakuta chombo kimepanda juu.

Twafika sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Mikumi aliiona meza hiyo, akaipenda, akaagiza meza 8 za vyumba vyake. Walipatana shilingi 400,000 kila moja, zote ziwe za mninga, na zikabidhiwe kabla ya miezi ya kiangazi ambayo wageni wa Hifadhi huwa wengi. Akatoa arbuni ya shilingi 1,200,000. Kwa kijana wa miaka 22 hiyo ni mali. Baba yake alikwisha piga hesabu kwamba faida ya kazi hiyo itamaliza karo ya mwaka mzima, asihitaji kuuza hata mbuzi.

Kijana akanunua bawaba, vitasa, vanishi na gundi, akatumia kiasi cha shilingi 450,000. Kisha akaenda kutafuta mbao. Mninga mkavu wenye hati zake ulikuwa umepanda bei hata faida yote ingaliliwa. Akiwa katika hali hiyo, mtu mmoja akamjia karakanani baada ya Isha, akamwambia kwamba anao mninga wa kutosha, kwa nusu ya bei, na kwamba ataushusha yeye mwenyewe usiku.

Huenda wako wasomaji wasiojua maana ya mbao zishushwazo usiku. Mti wa msituni haukatwi kwa kupenda. Mvunaji hutakiwa kuwa na leseni, magogo na mbao hugongwa nyundo ya alama, na safarini mzigo hufuatana na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao isiyo na alama wala hati ni mali iliyoibwa, iwe imeibwa kwa Serikali au kwa kijiji. Na katika wilaya ya Kilosa mara nyingi ni kwa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji haki ya kutenga misitu yao na kuisimamia. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hii, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, vimepanga kuvuna msitu kwa zamu, eneo moja likivunwa jingine likiachwa lichipue. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji, na kutoka mfuko huo yametoka mambo kama madarasa na zahanati. Basi anayenunua mninga wa usiku kwa nusu ya bei, ile nusu nyingine ameichukua katika darasa la mtoto wa mtu.

Kijana alichukua kipande kimoja cha mbao ile kwa kukipima, akamwambia mtu yule atamjibu keshokutwa. Asubuhi alipanda gari kuja Kilosa kwa mama yake, na jioni akaja kwetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Umekuja na kuni?" Maana kile kipande kilikuwa kwapani.

"Nimekuja na swali, mjomba. Mbao hii mbivu au mbichi?"

Tulikigonga kwa kidole, kikatoa sauti nzito isiyolia. Lakini yeye ni mtoto wa chuo, hakutosheka na masikio yetu. Alikwenda dukani akakipima kwa mizani, kikawa gramu 500. Akampa mwoka mikate wa jirani akiweke kando ya tanuri lake usiku kucha. Asubuhi akakipima, akakirudisha, akakipima tena mpaka uzito ulipoacha kupungua. Ukawa gramu 400. Gramu 100 zilizopotea ni maji, na ukizigawa kwa zile 400 za ubao mkavu wapata asilimia 25. Samani za ndani katika nchi kama yetu hutakiwa mbao ya asilimia 12 hivi. Mninga husifiwa kwa kutopinda sana unapokauka, lakini hata huo haupasi kuundiwa meza ungali mbichi namna hiyo, seuze meza ambayo ndani yake mna joto la kompyuta mchana kutwa. Viungo vitaachana, milango itakataa kufunga. Mbao ya unene wa inchi moja, ikipangwa kivulini kwa vijiti vya kupitisha hewa, huweza kuhitaji karibu mwaka mzima. Yeye alikuwa na wiki sita.

Kwa hiyo mbele yake palikuwa na mambo mawili mabaya katika ubao mmoja: ulikuwa wa haramu, na ulikuwa mbichi. Na vyote viwili vanishi huvificha. Hapo ndipo tulipomwona kijana wetu amenyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mjomba, mimi kazi yangu ni kuficha. Nimeanza kuogopa nisije nikaizoea."

Neno hili lilitupiga. Yamkini wengi wetu tumeifanya kazi yake miaka mingi bila kuliogopa.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyonyeshea. Mtume akamfahamisha kwamba kilicholowa kilistahili kuwekwa juu ili watu wakione, akatoa onyo kali juu ya wenye kughushi. Katika kisa hiki mvua haikulaumiwa, wala mtu yule hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Alilaumiwa kwa mpango wake wa rundo: kikavu juu, kilicholowa chini. Twasema kwamba seremala apakaye vanishi juu ya mbao mbichi amepanga rundo hilo hilo.

Kijana hakutuomba tumwamulie, nasi hatukumwamulia. Alirudi Mikumi, akamkatalia mtu wa usiku, kisha akaenda kwa mwenye nyumba ya wageni, akamweleza kwamba mninga mkavu wa halali hautapatikana kwa bei ile wala kwa muda ule. Akamtolea njia mbili: ama asubiri, ama akubali mbao za paini zilizokaushwa kwa tanuri, zitokazo mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na miguu iwe ya mtiki wa Mtibwa. Paini ni laini na huchubuka upesi, naye alimwambia hivyo vilevile, hakumficha.

Twapenda kusimulia kwamba yule bwana alifurahi kwa ukweli huo akamwongezea kazi. Haikuwa hivyo. Alikasirika, na haki alikuwa nayo, maana wageni wake hawatamsubiri seremala. Alimwachia meza 3 za paini kwa bei ya chini zaidi, zile 5 akampa fundi mwingine, akataka sehemu kubwa ya arbuni irudi. Fedha zilikuwa zimekwisha geuka bawaba. Jamaa tulikaa, tukachangishana karadha isiyo na riba, na deni likalipwa. Lakini karo haikupatikana kwa wakati, na kijana akaahirisha muhula mmoja wa masomo. Wenzake waliendelea, yeye akabaki karakanani akipiga randa.

Na zile meza 5 za fundi mwingine? Tumeziona. Hatujui alipata wapi mbao, wala si kazi yetu kupeleleza. Zimesimama, zang'aa, na milango yake yafungika. Twalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa sisi waandishi wa nasaha tuna tabia ya kumpatia mwongo hasara na mkweli faida katika ukurasa huo huo, hata vijana wakidhani uaminifu ni namna ya kufanya biashara nzuri. Mara nyingi ni hivyo, na mara nyingine sivyo. Wako katika ukoo wetu wanaosema mpaka leo kwamba kijana alikuwa mpumbavu, kwamba angenunua mbao zile kisha akamwomba Mungu msamaha. Sisi twawajibu kwamba aliye tayari kuomba msamaha kabla ya kutenda haombi msamaha, anaomba ruhusa. Muhula mmoja uliopotea una uchungu, nasi hatuupunguzi uchungu wake. Lakini mbao ile ingaliingia katika kila meza yake baada ya hapo, maana mtu wa usiku akishajua mlango hurudi.

Liko jambo la pili, nalo lahusu nyumba zetu kuliko karakana.

Siku moja kijana wa sekondari alimjia akataka meza ndogo ya chumbani. Alitaka kioo kizame kabisa, na ufunguo uwe mmoja tu, akae nao yeye. Alisema wazi sababu yake: wazazi wake wana tabia ya kuingia. Fundi wetu alimwuliza mama yake la kufanya. Dada yetu hakusoma sana, lakini ana akili ya kukata nguo, ajua mshono utafumukia wapi. Akasema, "Mwundie. Lakini vitasa vyote huja na funguo mbili. Ya pili mpe mama yake, na umwambie mteja kabla hujapokea fedha." Alipoambiwa hivyo, mteja hakurudi.

Wako watakaosema kwamba hapa tumeharibu maana ya sitara. Sitara ni haki ya mtu, hata ya mtoto. Dini yetu imekataza upelelezi, na imefundisha kubisha hodi hata ndani ya nyumba moja. Twakubali yote hayo. Binti mwenye kuandika habari za moyo wake hastahili kusomewa, na mzazi afunguaye kila barua hatapata siku moja barua ya kweli. Walakini kompyuta iliyounganishwa na intaneti haifanani na daftari la siri. Ni mlango wa nje. Daftari likifungwa amebaki ndani mwenyewe na maneno yake. Kompyuta ikifungwa katika chumba, ndani amebaki mtoto pamoja na dunia nzima, mwema wake na mwovu wake. Na mlango wa nje wa nyumba haujapata kuwa na ufunguo mmoja, ukakaa kwa mtoto.

Basi twaona kwamba kuficha kuko kwa namna mbili, na Kiswahili chetu kimekwisha zitenga kwa maneno mawili: sitara na hila. Sitara humfunika mtu au kitu na jicho lisilohusika, na vumbi, na mwizi apitaye dirishani. Hila humfunika na yule mwenye haki ya kujua. Mnunuzi ana haki ya kujua mbao. Kijiji kina haki ya kujua mti wake umekwenda wapi. Mama ana haki ya kujua ni nani aongeaye na mwanawe usiku wa manane. Ubao ni ule ule, bawaba ni ile ile, na kitasa ni kile kile. Kinachotofautisha ni nani amewekwa nje.

Meza hii tumeona ina wema mwingine ambao mwundaji wake hakuufikiria. Nyumbani kwa dada yetu imewekwa sebuleni, na binti yake huitumia kuchora mitindo ya nguo. Magharibi ikiadhiniwa, ubao hufungwa. Hapana anayeamrisha. Ni kwamba kitu chenye mfuniko hukukumbusha kukifunika. Kompyuta mpakato iliyoachwa wazi juu ya mkeka humwita kila apitaye, lakini iliyofungwa katika meza humpasa mtu aamue kuiendea. Kati ya kuitwa na kuamua pana umbali mkubwa, na malezi mengi yamo katika umbali huo.

Kwa wazazi wenye watoto wa chuo tuna neno moja. Kijana akikujia na fikira ya biashara, usimwambie amalize masomo kwanza, wala usimwambie aache masomo. Mwulize maswali ya seremala: mbao yatoka wapi, imekauka kiasi gani, hewa yapita wapi, na ufunguo wa pili yuko nao nani. Biashara yo yote yaweza kuulizwa hayo. Na ikifikia mahali pa kukosa kwa ajili ya haki, msimwache alipe peke yake. Karadha ya jamaa ni sehemu ya malezi.

Kwa mnunuzi twasema: kabla hujalipa meza ya namna hii, omba kuona alama ya nyundo au hati ya mbao, tia mkono nyuma uone matundu ya hewa, funga na ufungue milango mara kumi, pima kwa goti lako kompyuta itakaa juu kiasi gani, na ugonge ubao usikilize. Fundi mwaminifu hatakasirika. Wa kwetu hukupa mwenyewe kipande cha mbao iliyobaki, uende nacho nyumbani ukakipime.

Na kwa vijana wenzake: leo reli ya zamani na reli mpya ya treni ya umeme, iliyoanza kuwafikisha abiria Dodoma mwaka 2024, zote zapita Kilosa, na barabara kuu yapita Mikumi. Bidhaa itokayo kwetu haina tena udhuru wa kutofika mjini. Ila ikifika, itafika na jina la mahali ilikotoka. Mtu wa Dar es Salaam ambaye mlango wa meza yake umekataa kufunga hatasema fulani bin fulani alinidanganya, atasema mbao za Kilosa hazifai.

Kijana wetu amerudi chuoni. Deni lake kwa jamaa limebaki sehemu ya tatu, naye hulipa kidogo kidogo kila auzapo meza. Katika karakana ya Mikumi, chini ya banda la nyuma, ziko mbao za mninga zenye alama ya nyundo, alizozinunua chache chache kwa fedha zake, zimepangwa kwa vijiti katikati, upepo wapita. Juu ya kila moja ameandika kwa kalamu ya risasi tarehe aliyoipanga. Hazijafika mwaka. Baba yake amekwisha ulizwa mara mbili na wanunuzi, akawajibu kwamba wasubiri, mbao za mwanawe bado hazijakauka.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali, na atupe sisi subira ya kuingojea pamoja nao.